Maziwa na Matofaa: Safari ya Shamba la Wanyama

Tarehe 29 Novemba 1943, mjini Tehran, Winston Churchill alimkabidhi Joseph Stalin upanga uliofuliwa Uingereza kwa amri ya Mfalme George wa Sita. Ulikuwa zawadi kwa watu wa Stalingrad, mji ambao mwanzoni mwa mwaka ule ulilivunja mgongo jeshi la Hitler. Kabla haujasafirishwa, upanga huo ulionyeshwa hadharani, na ulipowekwa katika kanisa la Westminster Abbey Waingereza walipanga foleni ndefu ili wapite mbele yake japo mara moja. Stalin alipoupokea aliuinua akaubusu.

Heshima ile ilitoka moyoni, na askari wa Kisovieti waliistahili. Walikuwa wakifa kwa mamilioni, na mkazi wa London aliyelala usiku kucha bila kusikia bomu alijua kwamba usalama wake unalipiwa na watu wa mbali. Tatizo ni kwamba shukrani kwa askari ilihamishwa taratibu ikawa shukrani kwa mtawala wao. Kufikia mwisho wa 1943, kumsema Stalin vibaya mbele ya watu wenye hadhi zao mjini London kulikuwa kama kutukana msibani. Kesi za Moscow za 1936 hadi 1938, ambamo viongozi waliofanya mapinduzi pamoja naye walisimamishwa mahakamani, wakakiri mambo ambayo hawakuyatenda, kisha wakapigwa risasi, hazikutajwa tena. Njaa ya Ukraine ya 1932 na 1933, iliyoua mamilioni baada ya serikali kuwanyang'anya wakulima nafaka, nayo ilikuwa imefukiwa. Hakukuwa na sheria iliyokataza kuyataja hayo. Watu waliacha wenyewe.

Mwezi uleule wa Novemba, mtayarishaji mmoja wa vipindi aliacha kazi BBC, katika idhaa iliyokuwa ikitangaza kwa India, akawa mhariri wa fasihi katika gazeti la Tribune. Jioni, nyumbani kwake kaskazini magharibi mwa London, akaanza kuandika kisa cha wanyama wa shamba moja waliompindua mwenye shamba. Wasomaji walimjua kwa jina la George Orwell. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Arthur Blair, mzaliwa wa Motihari, India, mwaka 1903, mtoto wa ofisa wa idara ya kasumba ya serikali ya kikoloni. Kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa polisi wa kikoloni huko Burma. Kwa hiyo aliujua udhalimu wa madaraka tangu ndani. Alikuwa ameuvalia sare na kupokea mshahara wake kabla hajaanza kuuandika, na sidhani kwamba mtu ambaye hakupitia hapo angeweza kuwachora wale nguruwe kwa utulivu ule.

Lakini kisa chenyewe kilizaliwa Hispania. Orwell alifika Barcelona Desemba 1936 kupigana dhidi ya Jenerali Franco, akajiunga na wanamgambo wa POUM, chama kidogo cha kimapinduzi ambacho hakikukubali kupokea amri kutoka Moscow. Alikaa miezi kadhaa kwenye mahandaki ya Aragon, penye baridi, chawa na bunduki kuukuu. Alfajiri ya tarehe 20 Mei 1937, karibu na mji wa Huesca, risasi ya mdunguzi ilimpenya shingoni. Ilikosa mshipa mkubwa wa damu kwa nafasi ndogo mno. Alipoteza sauti kwa muda, akapelekwa hospitali, akapona.

Alipotoka hospitali alikuta mambo yamepinduka. Katikati ya Juni serikali ya Jamhuri, ileile aliyoimwagia damu, ilikuwa imekipiga marufuku chama cha POUM. Polisi waliokuwa chini ya ushawishi wa Wakomunisti, wakisaidiwa na majasusi wa Kisovieti, walikuwa wakiwakamata wanachama wake nyumba kwa nyumba. Kiongozi wao, Andreu Nin, alitekwa akauawa. Bob Smillie, kijana wa Kiskoti aliyepigana pamoja na Orwell, alikufa katika gereza la Valencia. Kamanda wake, Georges Kopp, alitupwa korokoroni. Mkewe Orwell, Eileen, aliyekuwa akifanya kazi za ofisi Barcelona, alivamiwa na polisi usiku hotelini, chumba kikapekuliwa. Orwell mwenyewe alilala nje usiku kadhaa kwa kujificha. Tarehe 23 Juni wote wawili walivuka mpaka kwa treni wakaingia Ufaransa, wakijifanya watalii.

Kilichomuumiza kuliko risasi ni alichokikuta kwao. Magazeti ya mrengo wa kushoto, yaliyosomwa na watu aliowahesabu kuwa wenzake, yalikuwa yakieleza kwamba POUM ni vibaraka wa Franco. Vijana aliolala nao handakini waliitwa wasaliti na waandishi ambao hawakuwahi kusikia mlio wa risasi. Alipeleka makala kwa jarida la New Statesman, ikakataliwa. Mchapishaji wake, Victor Gollancz, alikikataa kitabu cha Hispania kabla hata hakijaandikwa. Kitabu hicho, Homage to Catalonia, kilitolewa 1938 na Fredric Warburg kwa nakala 1,500, na Orwell alipofariki miaka kumi na miwili baadaye nakala hizo zilikuwa bado hazijaisha.

Basi alihitaji njia nyingine ya kusema. Miaka kadhaa baadaye alisimulia jinsi alivyoipata. Alipokuwa akiishi kijijini, alimwona mtoto wa miaka kama kumi akimwendesha farasi mkubwa wa mkokoteni kwenye njia nyembamba, akimcharaza mjeledi kila farasi alipotaka kugeuka. Akafikiri kwamba laiti wanyama wale wangezitambua nguvu zao wenyewe, mwanadamu asingekuwa na la kuwafanya. Kutoka hapo alianza kuyatazama mapinduzi kwa macho ya wanyama.

Kitabu kiliandikwa kwa muda mfupi, kati ya Novemba 1943 na Februari 1944. Nyumba ilikuwa ya baridi, mafuta na makaa yakitolewa kwa mgawo, kwa hiyo usiku Orwell na Eileen waliingia kitandani mapema na humo akamsomea alichoandika siku ile. Eileen alikuwa akifanya kazi Wizara ya Chakula, na asubuhi aliwasimulia wenzake ofisini mahali kisa kilipofikia. Waliomjua Orwell walisema kwamba kitabu hiki kina wepesi na ucheshi ambao vitabu vyake vya kabla hapo havikuwa nao, nao waliuona mkono wa Eileen. Mimi nawaamini.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua kisa. Nguruwe mzee, Major, anawaota wanyama walio huru kisha anakufa. Wanyama wanamfukuza Bwana Jones na kuandika amri saba kwenye ukuta wa ghala. Nguruwe wawili, Napoleon na Snowball, wanashindana. Snowball anatimuliwa na mbwa ambao Napoleon amewalea kwa siri, na taratibu amri zinageuzwa moja baada ya nyingine, hadi nguruwe wanasimama kwa miguu miwili na kula meza moja na wanadamu. Waliopata kusoma historia ya Urusi wanawatambua haraka. Napoleon ni Stalin. Snowball ni Trotsky, aliyefukuzwa nchini 1929 na kuuawa Mexico Agosti 1940. Kinu cha upepo ni viwanda na umeme vilivyojengwa kwa jasho la watu wenye njaa. Bwana Frederick, anayenunua mbao kwa noti bandia kisha akavamia, ni Hitler na mkataba wake na Stalin wa Agosti 1939. Kuku wanaoyaangusha mayai yao kutoka juu yavunjike kuliko kuyatoa ni wakulima waliochinja mifugo yao kabla ya kusukumwa kwenye mashamba ya pamoja. Karamu ya mwisho, nguruwe na watu wakinywa pamoja na kugombana juu ya karata, ni mkutano wa Tehran wenyewe. Mwandishi alieleza kwamba aliiandika mara baada ya mkutano ule, wakati dunia nzima ikiamini kwamba wakubwa waliokutana pale watakaa kwa amani, naye hakuamini.

Lakini kuvilinganisha vitu kimoja kimoja namna hii kunaweza kumfanya msomaji akakipita kiini cha kitabu bila kukiona. Kiini kipo mapema mno, kabla mbwa hawajakua, kabla ya damu. Siku iliyofuata ushindi nguruwe wanawakamua ng'ombe na kupata ndoo tano za maziwa. Kuna anayeuliza yatafanywa nini. Napoleon anajiweka mbele ya ndoo na kuwaambia wasijali, mavuno ndiyo muhimu. Wanakwenda kukata nyasi. Wakirudi jioni, maziwa hayapo. Baadaye inajulikana kwamba yanachanganywa kwenye chakula cha nguruwe kila siku. Yanafuata matofaa. Wanyama walidhani matunda yaliyoanguka yatagawanywa sawasawa, kumbe yote yanapelekwa jikoni kwa nguruwe. Wachache wananung'unika. Ndipo nguruwe mwenye ulimi mtamu, Squealer, anatumwa kueleza kwamba nguruwe wengi hawayapendi maziwa, wanayanywa kwa ajili ya afya ya akili inayoliongoza shamba, na kwamba wasipoyanywa Jones atarudi. Nani anataka Jones arudi? Hakuna. Mjadala unakwisha.

Orwell mwenyewe alimwandikia mhariri wa Marekani, Dwight Macdonald, Desemba 1946, kwamba hapo ndipo kisa kinapogeukia. Laiti wanyama wengine wangekataa siku ile, alieleza, mambo yangekwenda vizuri. Alikilinganisha kipengele hicho na Kronstadt, ngome ya bahari karibu na Petrograd, ambako Machi 1921 mabaharia waliokuwa nguzo ya mapinduzi walidai uchaguzi huru na uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima. Jeshi Jekundu lilivuka barafu likawasaga. Na aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo ni Trotsky. Hapa wasomaji wengi huteleza. Wanamwona Snowball kama kiongozi mwema aliyeonewa, kana kwamba angeshinda yeye shamba lingesalimika. Kitabu hakisemi hivyo. Juu ya maziwa na matofaa nguruwe wote waliafikiana, na Snowball na Napoleon, waliokuwa wakipingana katika kila jambo, walikubaliana katika hilo. Ubovu haukuanza na mtu mwovu mmoja. Ulianza pale kundi lenye akili nyingi lilipojipa kidogo zaidi kwa hoja nzuri, na wengine wakaona haya kuuliza mara ya pili.

Mswada ulikamilika Februari 1944, na sasa ikaanza hadithi nyingine, ambayo kwangu ina uzito sawa na ile ya shambani.

Wa kwanza kuupata alikuwa Gollancz, kwa kuwa mkataba ulimpa haki hiyo. Orwell alimtahadharisha mapema kwamba hataupenda. Aliusoma akaurudisha, akieleza kwamba hawezi kuchapisha shambulio la jumla la aina ile dhidi ya nchi rafiki. Kampuni ya Nicholson & Watson nayo ilikataa. Kampuni ya Jonathan Cape ilikubali, na masharti yakawa yanajadiliwa. Kisha Cape akaona ni busara kumwuliza ofisa mmoja wa ngazi ya juu katika Wizara ya Habari. Ofisa huyo akamshauri asichapishe. Tarehe 19 Juni 1944 Cape aliandika kujitoa. Alieleza kwamba lau kisa kingewahusu madikteta kwa jumla kingepita, lakini kinafuata historia ya Urusi hatua kwa hatua, na kwamba kuwafanya watawala kuwa nguruwe kutawaudhi Warusi, watu wepesi wa kukasirika. Watafiti wa baadaye wamemtaja ofisa yule kuwa Peter Smollett, mzaliwa wa Vienna aliyeongoza kitengo cha Urusi wizarani, na ambaye miaka mingi baada ya vita alibainika kuwa wakala wa Kisovieti. Ni habari ya kushangaza, lakini isitupotoshe. Jasusi alitoa ushauri tu. Hakuwa na uwezo wa kumkataza mtu yeyote. Cape angeweza kumshukuru na kuendelea na uchapaji.

Siku tisa baada ya barua ile, tarehe 28 Juni, bomu la kuruka la Kijerumani liliangukia mtaa wa Mortimer Crescent na kuibomoa nyumba ya akina Orwell. Hawakuwamo. Orwell alichimbua vitabu vyake kutoka kwenye kifusi, na mswada nao ukaokolewa ukiwa umekunjamana. Katika hali hiyohiyo aliupeleka kwa kampuni ya Faber, akiomba radhi kwa hali ya karatasi.

Mkurugenzi aliyeusoma huko alikuwa T. S. Eliot, mshairi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza wakati ule, mtu wa mrengo wa kulia, Mkristo, asiye na mapenzi hata kidogo na Moscow. Kama kuna mtu aliyekuwa huru kuchapisha kitabu kile, ni yeye. Barua yake ya tarehe 13 Julai ilikisifu kwa ufundi, ikakilinganisha na kazi ya Jonathan Swift, kisha ikakikataa. Hakuwa na hakika, alieleza, kwamba huo ndio mtazamo unaofaa kuikosoa hali ya siasa wakati huo. Halafu akaongeza hoja ambayo kila mara inanishtua. Nguruwe wale, kwa maoni yake, wana akili kuliko wanyama wengine, kwa hiyo ndio wanaofaa kuliendesha shamba. Kilichohitajika ni nguruwe wenye moyo zaidi wa kuwatumikia wengine. Squealer naye alianza na akili ya nguruwe, alipokuwa akiyatetea maziwa.

Orwell alifikia kuwaza kukichapa mwenyewe kama kijitabu cha bei ndogo. Mwishowe alikipeleka kwa Fredric Warburg, yuleyule wa kitabu cha Hispania. Baadhi ya watu wa kampuni yake hawakukitaka, na mkewe Warburg naye alipinga, kwa kuona ni utovu wa shukrani kwa taifa lililokuwa likimwaga damu. Warburg alikubali. Hata hivyo karatasi ilikuwa ya mgawo, na kitabu kilikaa mwaka mzima kikisubiri.

Katika mwaka huo Orwell alikwenda Ulaya kuwa mwandishi wa habari za vita. Akiwa Paris alikutana na Joseph Czapski, ofisa na mchoraji wa Kipolandi aliyepitia kambi za wafungwa za Stalin, mmoja wa wachache walionusurika wakati maofisa wenzake walipouawa Katyn na kwingineko. Czapski alimweleza kwamba Wajerumani walipofika malangoni mwa Moscow, Stalin hakukimbia. Alibaki, na kubaki kwake kuliwatia watu moyo. Machi 1945 Orwell aliandika London kuomba badiliko dogo. Katika vita vya kinu cha upepo, kinapolipuliwa, aliandika kwamba wanyama wote pamoja na Napoleon walijitupa chini. Aliomba isomeke kwamba wote walijitupa isipokuwa Napoleon. Alitaka kumtendea Stalin haki. Sijui waandishi wangapi wangesimamisha kurasa zilizokwisha kupangwa kiwandani ili wamwongezee adui yao neno moja la ushujaa alilostahili. Tarehe 29 ya mwezi huohuo Eileen alifariki Newcastle, kwenye meza ya upasuaji, akiwa amepewa dawa ya usingizi. Alikuwa na miaka 39. Kitabu walichokisomea kitandani hakukiona.

Kilitoka tarehe 17 Agosti 1945, siku mbili baada ya Japani kusalimu amri, kwa nakala 4,500, nazo ziliisha upesi. Marekani, ambako mchapishaji mmoja alikuwa amekikataa kwa kudai kwamba hadithi za wanyama haziuziki, kilitolewa mwaka uliofuata na kampuni ya Harcourt, Brace, kikachaguliwa na klabu kubwa ya wasomaji, na nakala zikahesabika kwa mamia ya maelfu. Mtu aliyezoea kuhesabu senti akawa na fedha, naye hakuzila muda mrefu. Kifua kikuu kilimwua tarehe 21 Januari 1950, akiwa na miaka 46.

Wasomaji waliokielewa upesi kuliko wote hawakuwa na fedha za kukinunua. Aprili 1946 Orwell alipokea barua kutoka kwa kijana wa Kiukraine, Ihor Ševčenko, aliyejifunza Kiingereza kwa kuisikiliza BBC. Katika kambi za wakimbizi za Ujerumani walikuwamo maelfu ya Waukraine waliokataa kurudi chini ya Stalin, wengi wao wakulima na wafanyakazi. Ševčenko alikuwa akiwakusanya na kuwatafsiria kitabu papo kwa papo, sentensi kwa sentensi. Alieleza jinsi kilivyowagusa. Watu wale hawakuhitaji kuelezwa kuku ni nani. Wao ndio kuku. Walikuwa wamezika ndugu zao mwaka 1933. Orwell alikubali tafsiri ichapishwe bila kudai malipo yoyote, na kwa ajili yao akaandika dibaji ya pekee, mahali aliposimulia habari ya mtoto na farasi. Tafsiri ilitoka 1947. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakisimamia eneo lile walikamata nakala kama 1,500 na kuwakabidhi maofisa wa Kisovieti waliokuwa wakishughulikia kuwarudisha wakimbizi. Nakala kama 2,000 zilikuwa zimekwisha gawanywa.

Miaka michache baadaye Marekani hiyohiyo ikawa imegeuka. Vita baridi vilipopamba moto, shirika la ujasusi la CIA liligharimia kwa siri filamu ya vikaragosi ya kitabu hiki, iliyotengenezwa Uingereza na John Halas na Joy Batchelor, ikaonyeshwa kuanzia Desemba 1954. Mwisho wake ulibadilishwa. Katika filamu wanadamu wameondolewa mezani, wamebaki nguruwe peke yao, na wanyama wanainuka mara ya pili na kuwapindua. Orwell alikuwa amekwisha kufa, hakuweza kukataa. Alichoandika yeye ni kwamba wanyama wanachungulia dirishani, wanatazama uso wa nguruwe na uso wa mwanadamu, na hawawezi tena kuwatofautisha. Waliokilipia kikaragosi kile hawakutaka hasa uso wao uonekane mezani. Nguruwe ni nguruwe wa Moscow tu, basi.

Jibu la Orwell kwa wote hao lilikuwapo tayari, ila halikusomwa. Alikuwa ameandika dibaji kwa ajili ya toleo la 1945, na mpangaji chapa alikuwa ameiachia kurasa zake, lakini kitabu kikatoka bila hiyo. Karatasi zake zilipatikana zaidi ya miaka 25 baadaye na kuchapishwa 1972. Humo haulaumu utawala wa Stalin hasa. Analaumu wasomi wa nchi yake. Anaeleza kwamba katika Uingereza udhibiti wa maandishi kwa sehemu kubwa ni wa hiari. Mambo yasiyopendeza hunyamazishwa bila amri ya serikali, kwa makubaliano ya kimya kwamba si adabu kuyasema.

Kwetu kitabu kilifika kwa jina la Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere wa Tanzania, iliyochapishwa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Mwaka huo una uzito wake. Tarehe 5 Februari 1967 ndipo lilipotangazwa Azimio la Arusha. Katika masharti yake ya uongozi, kiongozi wa TANU, chama tawala, au wa serikali hakutakiwa kuwa na mishahara miwili au zaidi, wala kuwa na nyumba ya kupangisha, wala hisa katika kampuni, wala ukurugenzi katika kampuni ya kibepari. Ukiyasoma masharti hayo karibu na kitabu cha Kawegere, unaona kwamba yanazungumza jambo moja. Yameandikwa na watu waliojua kwamba hatari ya chama cha wakulima na wafanyakazi inaanzia kwenye ndoo tano za maziwa. Sisemi kwamba Kawegere alikusudia hivyo, na kitabu hakikuandikwa juu ya Tanzania. Nasema msomaji wa mwaka ule alikuwa na vitabu viwili mkononi, kimoja kikieleza ugonjwa, kingine kikijaribu kinga.

Tafsiri hiyo ilisomwa shuleni na nje ya shule. Watoto waliipenda kama hadithi ya wanyama, jambo jema, kwa kuwa watu wa pwani na bara tumelelewa na sungura na fisi na tunajua tangu utotoni kwamba mnyama akisema, kuna mtu anayesemwa. Kenya, mwaka 1991, wakati madai ya vyama vingi yalipokuwa yakiitikisa serikali ya KANU, mchezo wa jukwaani uliotokana na kisa hiki ulipigwa marufuku. Hakuna jina la kiongozi yeyote wa Kenya lililomo katika hadithi ile. Waliokataza walijitaja wenyewe.

Mwaka huohuo, Februari, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Tangu hapo mwanachama na kiongozi aliweza kuwa na mshahara zaidi ya mmoja, kupangisha nyumba, kununua hisa, kuwa mkurugenzi. Sababu zilikuwapo. Uchumi ulikuwa umechoka, mishahara haikutosha, na wapo waliokuwa wakiyavunja masharti hayo kichinichini kwa miaka. Nisingependa kuzipuuza. Lakini hapakuwa na mjadala wa wananchi kabla ya uamuzi, na viongozi walieleza kwamba Azimio la Arusha halikufutwa, bali linakwenda na wakati. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa amekabidhi uenyekiti wa chama mwaka uliotangulia, hakuficha uchungu wake. Ndani ya mkutano ulioamua, upinzani haukutosha kuuzuia uamuzi. Mwanafunzi aliyekisoma kitabu cha Kawegere 1967 akiwa na miaka kumi na mitano, mwaka ule alikuwa na miaka karibu arobaini, labda mwalimu wa shule ya msingi mahali fulani, mwenye mshahara mmoja.